Malkia wa Banda la Gemu

Fabi alizikwa Usagara, nyuma ya nyumba aliyoijenga kwa fedha za gemu, na wanaume wazima wenye vitambi walimlilia kama watoto. Nilikaa chini ya turubai upande wa wanawake, sahani ya wali na nyama ikipoa mapajani mwangu, nikiwasikiliza. Mmoja alisema marehemu alimtoa mtaani. Mwingine alisema kama si lile banda la Mabatini, yeye angekuwa kibaka. Wa tatu alifuta macho akasema zile ndizo zilikuwa siku za furaha kuliko zote maishani mwake, na wenzake wakaitikia kwa sauti nzito za watu walioshiba. Kisha Magesa, ambaye siku hizi ni mwalimu mkuu na huvaa suti hata kwenye vumbi, alinijia na kipaza sauti. "Malkia, sema hata maneno mawili. Watu wanakusubiri." Nikamwambia sina la kusema. "Hata moja?" Hata moja, Mwalimu. Akatabasamu kana kwamba nimeshindwa kwa uchungu wa msiba, akamkabidhi kipaza sauti mtu mwingine. Mimi nikaenda kunawa mikono, ingawa chakula sikuwa nimekigusa.

Nilikwenda Usagara kwa sababu moja. Nilitaka kujua kama kuna mtu angesema. Nilisikiliza kuanzia ibada mpaka koleo la mwisho la udongo, na hakuna aliyesema. Basi nasema mimi. Ukoo wangu na mahali nilipozaliwa nitaviacha, havihusiki. Inatosha kujua kwamba mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na tisa, matokeo yangu ya kidato cha nne yalikuwa yametoka mabaya, na nilikuwa naishi kwa mama yangu mdogo, Kwandu, kule Mabatini juu kwenye mawe, nikisubiri kurudia mtihani. Tulikuwa na chumba kimoja. Ukuta wa nyuma haukuwa ukuta, lilikuwa jiwe lenyewe, kubwa kama nyumba, na masika lilitoa maji taratibu tukawa tunalala na ndoo miguuni. Mama mdogo aliuza mapanki. Kiwandani wanakata minofu ya sangara na kuisafirisha kwa watu wa mbali. Kinachobaki, kichwa na mgongo wenye nyama kidogo iliyoshikilia mifupa, ndicho kilichotujia sisi. Aliyakaanga mlangoni tangu asubuhi. Ile harufu ya mafuta yaliyorudiwa iliingia kwenye shuka, kwenye nywele, kwenye madaftari yangu ya baiolojia. Nilijiona nanuka popote nilipokwenda, na nadhani hilo ndilo lililonifanya nipende mahali ambapo kila mtu alinuka.

Banda la Fabi lilikuwa chini kidogo ya kwetu, karibu na barabara. Lilijengwa kwa mabati yaliyochakaa na ndani likazungushiwa nailoni nyeusi ili mwanga usiharibu picha kwenye runinga. Ukiingia kutoka juani hukuona kitu kwa muda, ulianza kunusa. Jasho, soksi, mafuta ya sambusa, na mtu aliyejamba bila aibu. Sakafu ilifunikwa na maganda ya mbegu za alizeti yaliyokuwa yamemung'unywa na kutemwa, ukikanyaga yanashika kwenye ndala. Padi, yaani kile kidude cha kushika na kubonyeza, zilikuwa na uchafu mweusi kwenye mikunjo, uchafu laini kama nta, ambao ukikaa muda mrefu ulijikuta ukiukwangua kwa ukucha bila kufikiri. Jambo lililonichukiza kuliko yote lilikuwa joto. Ulipokea padi kutoka kwa mtu aliyeshindwa mchezo ikiwa bado na joto la viganja vyake, yenye unyevu, kama kitu kilichotolewa mdomoni mwa mtu. Leo mimi ni muuguzi. Nimesafisha vidonda ambavyo watu hukimbia kuviangalia, wala sijatapika. Lakini nikilikumbuka lile joto, mate hunijaa mdomoni.

Niliingia mara ya kwanza kupeleka mapanki ya mchana. Fabi alikuwa na miaka kama thelathini na tano, mpole, mwembamba, mwimbaji wa besi katika kwaya, mtu asiyepandisha sauti. Aliona nimesimama naangalia runinga, akaniambia, "Binti, kaa ujaribu, mchezo wa kwanza ni wangu." Ulikuwa mchezo wa mpira. Nilifungwa vibaya, wakanicheka. Kesho yake nilirudi. Baada ya majuma machache nilikuwa namfunga Magesa, ambaye ndiye aliyekuwa bingwa wa banda, kijana wa Kijita kutoka Mara aliyekuja Mwanza kutafuta kazi kiwandani na hakuipata. Hakukasirika. Alinifundisha mengine aliyoyajua, na mimi nikabuni ya kwangu: kumpeleka winga mpaka kwenye kibendera, kumfanya beki aamini nitapiga krosi, kisha kurudisha nyuma kwa kisigino kwa mtu asiyeangaliwa na yeyote. Sheria ya banda ilikuwa rahisi. Anayefungwa analipa na kupisha, anayeshinda anabaki. Hivyo ndivyo msichana asiye na kitu mfukoni alivyoweza kukaa pale tangu saa tatu asubuhi mpaka wito wa adhana ya jioni.

Sitadanganya kwamba sikufurahi. Nilifurahi kwa namna ambayo sijaipata tena, hata siku ya harusi yangu. Kulikuwa na dakika ambazo vidole viliutangulia ubongo, mpira ukaenda mahali nilipokuwa bado sijaamua kuupeleka, na nyuma yangu vijana wakapiga kelele na kugonga mabati mpaka vumbi likadondoka kutoka darini. Wakaniita Malkia. Nilikuwa nimeshindwa fizikia, nimeshindwa hesabu, nilikuwa nanuka samaki. Na hapa watu walipanga foleni ili niwashinde. Fabi aliniwekea stuli yangu yenye godoro dogo. Aliniletea soda na chapati. Akasimama mlangoni akiwaambia wapita njia kwa ile sauti yake ya kanisani, "Ingieni mjaribu. Kuna binti humu hafungiki." Waliingia. Walifungwa, wakalipa, wakarudi. Ilinichukua muda mrefu kuelewa kwamba mimi nilikuwa chambo, na nilipoelewa, nilidhani chambo ndio mwisho wa habari.

Salva alianza kuja wakati wa kiangazi. Alikuwa mfanyabiashara wa mabondo, ile mifuko ya hewa iliyo ndani ya sangara, inayokaushwa na kununuliwa kwa bei kubwa. Alikuwa mtu wa makamo, gari lake likiegeshwa kando ya barabara, saa nzito mkononi, shingo yenye mikunjo iliyojaa poda. Hakujua kucheza kabisa. Alishika padi kama mtu aliyeshika kaa. Nilimfunga, akacheka, akalipa; nikamfunga tena. Kila alipokaa kwenye benchi kando ya stuli yangu alikaa karibu kuliko inavyohitajika, na nilihisi paja lake kwenye paja langu, nikasogea, naye akasogea. Nilidhani ni ubovu wa benchi. Kisha, baada ya muda, nikaona ameanza kujua. Siku moja alimpeleka winga wake mpaka kwenye kibendera, akasubiri, akarudisha kwa kisigino, akafunga. Mimi nilibaki nimeduwaa na padi mkononi, maana ule mchezo haukuwa wa mtu mwingine yeyote. Nilimgeukia Magesa kuuliza amejifunza wapi huyu. Magesa alikuwa anaangalia vidole vyake vya miguu.

Niliyajua yote mchana wa Jumatano, nikiwa chooni. Choo cha banda kilikuwa mabati manne yaliyosimamishwa nyuma, kikiegemea jiwe, na wanaume hawakujisumbua kuingia. Walikojoa kwenye jiwe lenyewe, na jiwe lilikuwa na mistari ya njano tangu juu mpaka chini. Nilikuwa ndani nimejikunyata nikisikia nzi, wakaja wawili, wakasimama upande wa pili wa bati. Nilisikia mkojo wao ukigonga jiwe na nikasikia sauti zao.

"Umekaribia sana," alisema Fabi. "Magesa ananiambia asubuhi ulimfunga yeye mwenyewe."

"Lakini ahadi ni ahadi," alisema Salva. "Nisije nikajifunza ujinga huu wa watoto bure."

"Siku ukimfunga Malkia, nitamwambia akusindikize Busisi mkale samaki. Kuna nyumba ya wageni pale ng'ambo ya ziwa, wenyewe ni watu wangu. Atakwenda. Huyu binti nikimwambia kitu hakatai."

"Na yule mama yake?"

"Yule muuza mapanki?" Fabi akacheka taratibu, kicheko cha mtu mpole. "Yule mnunulie kitenge."

"Na kwa nini nimfunge kwanza? Si uniitie tu?"

"Bosi, vijana wote wanasubiri kuona. Bila hivyo itakuwa haina utamu."

Wakafunga suruali, wakaondoka. Nilibaki mle ndani mpaka nzi wakanizoea. Kitu ambacho bado sikielewi ni kwamba sikukimbilia nyumbani. Nilitoka, nikaingia bandani, nikakaa kwenye stuli yangu yenye godoro. Salva akaketi kando yangu, akaniletea paja lake. Tukaanza. Alinifunga bao la kwanza mapema sana, na hapo ndipo nilipojua kwamba wote wanajua, kwa sababu mpira ulipoingia wavuni hakuna kijana aliyetazama runinga. Walinitazama mimi. Nyuso zote zile, ndani ya ule mwanga wa buluu, midomo imeachwa wazi kidogo, zimeelekezwa kwangu. Vijana ambao nilikula nao sambusa, waliokuja kwetu kununua mapanki na kumwamkia mama mdogo. Kisha nikacheza. Sijawahi kucheza vile. Sikutumia mchezo wangu hata mmoja ambao Salva alikuwa amefundishwa. Nilipiga tu mbele, vibaya, kwa nguvu, kama mtu anayefukuza mbwa, na mabao yakaingia. Nikamfunga. Akaomba tena, nikamfunga tena. Wakagonga mabati, wakaimba Malkia, Malkia. Waliimba kwa furaha ya kweli. Hilo ndilo jambo linalonikera mpaka leo: wangeimba vilevile kama ningefungwa.

Pale Usagara, baada ya kunawa mikono, nilimkuta Magesa amesimama peke yake karibu na matangi ya maji. Nikamuuliza kwa utulivu, kwa sababu tumeshakuwa watu wazima, kwa nini alimfundisha Salva. Hakuuliza nazungumzia nini. Alisema, "Minza, tulikuwa watoto." Nikamwambia, wewe ulikuwa na miaka ishirini na tatu. "Sisi tulijua hatakufunga," alisema. "Kila mtu alijua. Ilikuwa ni utani tu wa kumkamua yule mzee." Nikamuuliza, na kama angenifunga? Mwalimu mkuu alirekebisha tai yake, akatazama kule waombolezaji walikokuwa wanakunja viti, akaniambia niende nikasalimie mjane kabla hajaingia ndani. Nadhani angependa kulia, lakini machozi yake yote alikuwa ameshayamaliza kwa Fabi.

Jioni ile ya Jumatano nilimwambia mama mdogo. Nilimwambia nikiwa nimempa mgongo, nikipanga mapanki kwenye karai, na nilitegemea anipige, kwa sababu alikuwa amenikataza banda mara nyingi na mimi nikamdanganya nakwenda kusoma kwa rafiki. Hakunipiga. Aliuliza maswali machache. Fabi ni yule mwimbaji? Alisema kitenge? Alitumia neno hilo, kitenge? Kisha akazima moto, ingawa wateja bado walikuwepo, akawaambia samaki wameisha huku karai limejaa.

Kesho yake mchana alishuka bandani na nguo zake za kazi. Mimi nilimfuata nikimsihi asiende. Aliingia vilevile alivyo, kanga yenye madoa ya mafuta, mikono imechomwa na matone ya miaka, na harufu yake ikaingia naye. Vijana wa mlangoni wakaziba pua, mmoja akacheka. Mama mdogo hakuwatazama. Macho yake yalipozoea giza, alimwona mtu mwenye saa nzito, akaenda akaketi kando yake, paja kwa paja.

"Nimesikia atakayeshinda anapelekwa Busisi kula samaki," alisema. "Nimekuja. Nani anacheza na mimi?"

Gemu liliendelea kutoa sauti ya mashangilio kwenye runinga isiyotazamwa na mtu. Fabi akatoka nyuma ya meza yake haraka, akainama kidogo, mikono imeshikana mbele kama yuko altareni. "Shikamoo, mama."

Mama mdogo hakumjibu. Nimeishi miaka mingi kati ya watu wa Kanda ya Ziwa na sijaona mara nyingine mtu mzima akiiacha shikamoo ikining'inia hewani namna ile. Alimtazama Fabi, Fabi akiwa bado ameinama, mpaka kijana aliyecheka akaanza kukohoa. Kisha akachukua padi kutoka mkononi mwa Salva, akaigeuzageuza kwa vidole vyake vya mafuta.

"Hiki ndicho mnachobonyeza?"

"Mama, kuna kutoelewana," alisema Fabi.

"Sijakuuliza wewe. Namuuliza bwana huyu. Baba, una umri gani? Mimi na wewe nani mkubwa?" Salva alijaribu kusimama, mama mdogo akaweka kiganja chake begani mwake, alama ya mafuta ikabaki kwenye shati jeupe. "Kaa. Si mlitaka mniletee kitenge? Kiko wapi? Mimi napenda rangi ya kijani." Alisubiri jibu kwa dhati, kama mteja. Salva akaangalia saa yake, akaangalia mlango. Hatimaye mama mdogo aliweka padi chini juu ya maganda ya alizeti, akasimama, akawaambia wote mle ndani, bila kupandisha sauti, "Mapanki yangu msije kununua tena. Hata kwa njaa." Akatoka. Salva aliondoka nyuma yake na gari halikuonekana tena Mabatini.

Ningependa kuandika kwamba nilijivunia. Nilimwonea haya. Nilitembea nyuma yake tukipanda mawe, nikiangalia visigino vyake vilivyopasuka, nikisikia bado zile pua zikizibwa, na kinyaa nilichopaswa kumwonea Fabi nilimwonea yeye. Kwa siku kadhaa sikumsemesha vizuri. Na vidole vyangu gumba vilikuwa vinacheza vyenyewe; nilikuwa naparua magamba huku vinabonyeza kisu. Watu hufikiri ukijua kitu ni kichafu hutakitaka tena. Mimi nilikitaka kuliko mwanzo.

Nikarudi. Mama mdogo alikuwa amekwenda soko la samaki la Mwaloni kuchukua mzigo. Fabi aliponiona alifurahi, sikuona hila yoyote usoni mwake, akaivuta stuli yangu, akaifuta padi kwa shati lake. "Malkia, karibu. Nafasi yako ipo." Magesa akasogea kunipisha. Hakuna aliyetaja lolote, soda ikaja. Nikacheza na kijana mgeni asiyejua kitu, na nilikuwa naongoza kwa mabao mengi nilipogundua kwamba meno yangu yameumana mpaka taya linauma. Kila mpira ulipovuka katikati ya uwanja kuja kwangu, nilitaka kugeuka nione nani ananitazama, kama siku ya Jumatano. Niliusubiri ule wakati wa vidole kuutangulia ubongo. Haukuja. Nilichokuwa nakifanya hakikuwa kucheza tena, nilikuwa najilinda na watu ambao wakati huo hata hawakuwa wananishambulia, walikuwa wanatafuna alizeti. Walikuwa wamenichukulia kile kitu kimoja nilichokuwa nacho, na hata hawakujua kwamba wanacho. Nikaiweka padi kwenye stuli, katikati ya mchezo. Fabi akashangaa. "Unaongoza, unakwenda wapi?" Nikatoka nje kwenye jua. Nilirudia mtihani mwaka huo nikafaulu kiasi cha kuingia uuguzi, na sina hadithi ya kishujaa kuhusu hilo. Nilisoma kwa sababu hapakuwa na kitu kingine cha kufanya kwa mikono yangu.

Miaka mingi baadaye, nikiwa nimeshaanza kazi na nimepanga vyumba viwili vyenye madirisha makubwa, nilipita Nyamagana nikaona ile mashine ya gemu dukani, imetumika, gemu lilelile la mpira limewekwa juu yake. Nikainunua kabla sijajishauri. Nyumbani nilifungua madirisha yote na mlango. Nikachukua pamba na spiriti kutoka kwenye begi langu la kazi, nikasugua padi, kila mkunjo, mpaka pamba ikatoka nyeupe, nikaisugua tena. Kisha nikaketi sakafuni peke yangu nikacheza na mashine. Vidole vilikuwa vizito, vimesahau karibu kila kitu. Mashine ikanifunga bao moja. Nikageuka kutazama nyuma. Palikuwa na kochi tu na nguo zilizoanuliwa. Ikanifunga la pili, na la tatu, na la nne, bao la kipuuzi ambalo hata mtoto asingefungwa, na nikasikia mtu anacheka kwa sauti mle chumbani, nikachelewa kidogo kujua kwamba ni mimi.